Siku Mkiichoka, Mtaipeleka Wapi?

Muhula uliopita nilishindwa mjadala darasani. Mada ilikuwa: kila mwenye nyumba aruhusiwe kumiliki bunduki ili ailinde familia yake. Nilikuwa upande wa kupinga. Tulipata kura 9. Wenzetu walipata 31.

Aliyeongoza upande wa kuunga mkono ni rafiki yangu, mtoto wa wafugaji wa nje kidogo ya mji wa Mbarara. Alizungumza vizuri, nakiri. Alieleza usiku ambao ng'ombe sita wa baba yake walitolewa zizini na kupakiwa kwenye lori huku baba yake amesimama mlangoni na fimbo mkononi. "Fimbo," alisema, "mbele ya watu watano wenye mapanga." Darasa lilinyamaza. Kisha akamalizia: "Kwa hiyo tusiulizane kama tuwe na bunduki. Tuulizane ni bunduki gani." Makofi yalipigwa mpaka mwalimu akagonga meza.

Mimi nilijibu kwa utafiti wa Marekani. Nilisema kwamba mwaka 1993 madaktari waliochunguza mauaji yaliyotokea majumbani waliona kuwa nyumba yenye bunduki ilikuwa na hatari ya mauaji karibu mara tatu ya nyumba isiyo nayo, na kwamba mara nyingi muuaji alikuwa mtu wa familia au mtu aliyefahamika. Nilisema pia kwamba zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa risasi Marekani ni watu waliojiua wenyewe. Mwenzetu mmoja aliinuka akasema, "Hapa si Marekani," na mjadala ukaishia hapo.

Alikuwa na haki. Nilikuwa na jibu jingine, la kwetu nyumbani, ila niliona haya kulitoa mbele ya watu. Nalitoa sasa katika insha hii, kwa sababu wiki tatu baada ya mjadala swali la rafiki yangu liliulizwa tena, safari hii Nakivale, na waliouliza walikuwa na fedha mkononi.

Mimi ni mkimbizi. Nimekulia Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, na Mbarara nipo kwa ajili ya masomo tu. Asiyeijua Nakivale asidhani ni mahema machache kando ya barabara. Makazi haya yapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, walipokuja Wanyarwanda waliokimbia vurugu za kwao. Leo wanaishi humo zaidi ya watu laki moja: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengineo. Kuna soko, shule, makanisa, misikiti, mashamba ya mahindi na maharage, na ziwa lenye samaki. Kuna biashara, na penye biashara wezi hawakosi.

Mwezi huo waliingia kwa jirani yetu, mjane anayeuza vitenge. Mlango wake ulikuwa wa mbao nyembamba, umefungwa kwa waya. Walichukua fedha za mauzo ya juma zima na simu, na alipopiga kelele wakamkata mkono kwa panga. Tulisikia kelele, lakini tulichelewa kutoka. Kila mmoja alingoja kwanza asikie mwenzake akitoka. Nasema ukweli huu bila kujificha, maana nilikuwa nyumbani likizo na mimi pia nilingoja.

Baada ya siku mbili vijana wa mtaa waliita kikao. Hakikuwa kikao cha mwenyekiti, kilikuwa chao wenyewe, jioni, nyuma ya mashine ya kusagia. Pendekezo lilikuwa kila kaya itoe shilingi 20,000. Mmoja alisema anamjua mtu anayemjua mtu. Mabishano yaliyofuata yalihusu aina tu. Wengine walitaka bastola kwa sababu hufichika. Wengine walitaka bunduki ya marisau kama ile ya walinzi wa vituo vya mafuta mjini Mbarara. Wengi walitaka Kalashnikov, ambayo askari wa Uganda huiita SMG. Waliposhindwa kukubaliana wakamgeukia baba yangu, kwa kuwa wanajua aliwahi kuwa nayo Kongo. "Mzee," walisema, "wewe unaijua. Tuchagulie."

Baba hakuchagua. Aliwauliza: "Siku mkiichoka, mtaipeleka wapi?" Kisha akachukua kofia yake akaondoka. Vijana walicheka kidogo. Walidhani mzee anaogopa. Mimi sikucheka, na nataka kueleza kwa nini.

Tulitoka Masisi, Kivu ya Kaskazini. Mwaka 2007 wezi wa ng'ombe walikuwa wengi kwenye vilima vyetu, na baba alikuwa na ng'ombe wanne. Aliuza mmoja akanunua Kalashnikov. Alifanya kile kile ambacho rafiki yangu anapendekeza, tena kwa sababu ile ile. Na sitadanganya ili nishinde: bunduki ile ilifanya kazi. Kwa miezi kama minane hakuna mwizi aliyesogea kwenye zizi letu. Usiku baba alilala, mama alilala, majirani walituheshimu. Laiti hadithi ingeishia hapo, mimi leo ningekuwa upande wa wale 31.

Haikuishia hapo, kwa sababu heshima ile ilitokana na kujulikana. Bunduki ya nyumbani haiwezi kumtisha mwizi asiyejua kwamba ipo. Ili ikulinde ni lazima ijulikane, na ikishajulikana huwezi kuchagua nani ajue na nani asijue. Habari ilishuka kilimani ikafika kwa watu wenye bunduki nyingi kuliko sisi.

Kundi la kwanza lilikuja mchana. Sitalitaja jina, wala la pili, maana ndugu za watu wa makundi hayo tunaishi nao Nakivale na tunachota maji kwenye bomba moja. Walimwambia baba kwamba mtu mwenye bunduki ni askari, na askari ana jeshi, kwa hiyo aende nao au awape. Aliwapa. Mama anasema alifurahi siku hiyo. Aliona mzigo umeondoka. Hawakuacha karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba wameichukua. Nani angedai risiti?

Kundi la pili lilikuja usiku, baada ya majuma machache. Hawa walikuwa maadui wa lile la kwanza. Walitaka bunduki. Baba akasema imechukuliwa. Wakamwuliza nani kaichukua, na hapo ndipo alipogundua kwamba hana jibu salama. Akisema hana, ni mwongo, maana kilima kizima kinajua anayo. Akisema aliwapa wale, basi yeye ni mtu wao. Walimpiga mpaka mkono wake wa kushoto ukavunjika mahali pawili. Mpaka leo haunyooki. Walichimba chini ya mafiga, wakapasua ghala la mahindi. Walipokosa bunduki walimchukua kaka yangu mkubwa, niliyemwita yaya kama tunavyosema Kivu. Alikuwa na miaka 15. Walisema atabeba mizigo yao mpaka bunduki ipatikane.

Haikupatikana, kwa kuwa haikuwepo. Yaya hakurudi. Mwaka 2008 vita vilipopamba moto tulivuka mpaka wa Bunagana, tukalala Nyakabande karibu na Kisoro, kisha tukaletwa Nakivale. Nilikuwa na miaka saba. Mama bado anaacha sahani moja ya ziada anapopakua, kisha anairudisha kabatini.

Ndiyo maana baba aliuliza swali lile. Panga ukilichoka unalitumia kukatia nyasi. Mbwa ukimchoka unampa jirani. Bunduki hutoki nayo hivyo. Hata ikiondoka nyumbani, jina lake linabaki kwako, na atakayekuja kuitafuta hataamini kwamba haipo.

Mtu ataniambia: hayo ni ya Kongo, nchi ya vita, hapa Uganda kuna serikali. Basi tuitazame Uganda. Karamoja walipata bunduki nyingi mwaka 1979, Idi Amin alipoanguka na ghala la silaha la kambi ya Moroto likaporwa. Kila boma lilitaka kujilinda na wezi wa ng'ombe, sababu ile ile ya baba na ya rafiki yangu. Kisha kila boma likaogopa kuwa la kwanza kuiacha. Mwishoni mwa mwaka 2001 serikali ilianza kuzikusanya, na waliosalimisha waliahidiwa plau na mabati. Waliotangulia kusalimisha walivamiwa na jirani zao ambao bado walikuwa nazo. Mwaka 2006 jeshi lilirudi kwa nguvu, likizunguka vijiji alfajiri. Shirika la Human Rights Watch lilieleza mwaka 2007 jinsi wanaume walivyozuiliwa na kupigwa ili bunduki zitolewe. Nilipoisoma habari hiyo niliweka karatasi chini. Nilimwona baba mle ndani, na nilimwona yaya. Na kazi haikuwa imekwisha: mwaka 2021 jeshi lilianza operesheni nyingine, iliyopewa jina la Kiswahili, Usalama kwa Wote. Miaka zaidi ya 40 tangu Moroto, na bado watu wanatafuta mahali pa kuipeleka.

Sasa turudi kwenye swali la uchaguzi, maana sitaki ionekane nalikwepa. Bunduki gani?

Bastola hufichika, kwa hiyo huibika. Nyumba zetu nyingi ni chumba kimoja au viwili, watu sita au wanane. Ukiifungia kwenye sanduku lenye kufuli, mwizi aliyekwisha kuingia hatakungoja utafute ufunguo gizani. Ukiiweka chini ya mto, mtoto wa miaka minne ataiona kabla ya mwizi. Hakuna mahali pa tatu. Na kumpiga mtu kwa bastola usiku, mikono ikitetemeka, ni jambo linaloshinda hata waliofunzwa.

Bunduki ya marisau hutawanya vipande vyake, na hiyo ndiyo sifa yake: huhitaji shabaha kali. Katika chumba ambamo watoto wako wanne wamelala kati yako na mlango, sifa hiyo inageuka kuwa balaa.

Kalashnikov je? Risasi yake hutoka kwa kasi ya mita 700 hivi kwa sekunde. Imetengenezwa kwa ajili ya uwanja wa vita, ambako nyuma ya adui kuna adui mwingine. Nakivale, nyuma ya mwizi kuna ukuta wa udongo, au turubai, na nyuma ya turubai kuna kitanda cha jirani. Risasi haitasimama kwenye turubai iulize ni nyumba ya nani. Mjane wetu wa vitenge ana binti mchanga anayelala upande ule ule ambao vijana wangepiga kumtetea mama yake.

Kuna swali jingine ambalo kikao hakikuliuliza kabisa. Bunduki ya kuchangia ingelala kwa nani? Nyumba hiyo ingekuwa nyumba ya kwanza kuvamiwa. Na mwenye kulala nayo, siku akigombana na mkewe, siku akilewa, siku anapokumbuka aliyoyaona Kongo au Burundi na kuona hakuna sababu ya kuamka kesho, yupo nayo chumbani. Tunajua sote kwamba katika mitaa yetu kuna watu waliobeba huzuni nzito. Wengine wamevuka usiku mbaya kwa sababu tu hapakuwa na njia ya haraka karibu yao, na asubuhi jirani akabisha hodi.

Wale wanaosema kwamba tatizo ni raia wasiofunzwa, na kwamba bunduki mikononi mwa mlinzi aliyefunzwa ni salama, wakumbuke tarehe 2 Mei 2023. Siku hiyo Waziri Charles Engola alipigwa risasi na kuuawa nyumbani kwake Kyanja, Kampala. Aliyempiga ni askari aliyepewa kumlinda. Waziri hakukosa ukuta, wala lango, wala mlinzi, wala bunduki. Vikosi vya ulinzi wa mitaa, LDU, viliongezwa Kampala kwa nia njema ya kuzuia uhalifu, lakini mwaka 2020 jeshi liliwarudisha kambini kufundishwa upya baada ya malalamiko ya raia kupigwa na kuuawa. Kama hao wenye makamanda, namba na orodha ya silaha wanashindwa, kikao cha nyuma ya mashine ya kusagia kitaweza nini?

Tena sisi wakimbizi tuna la ziada. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatufunga kwa sheria zote za nchi kama raia, na sheria ya silaha ya mwaka 1970 inataka cheti. Bunduki ya "mtu anayemjua mtu" haina cheti. Ikikamatwa, atakayekwenda jela si kijana mmoja tu. Mtaa mzima utaanza kuitwa mtaa wa waasi. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 uliwapa wakimbizi ulinzi kwa sharti kwamba hawatatumia silaha kuvuruga nchi nyingine. Sharti hilo halikutungwa ili kutuonea. Watu wa Kivu tunakumbuka kambi za Goma za mwaka 1994, ambamo askari walioshindwa Rwanda walikaa na silaha katikati ya wanawake na watoto. Mwaka 1996 kambi hizo zilishambuliwa, na hapakuwa na mtu wa kumtenganisha mwenye bunduki na mama mwenye sufuria. Usalama wetu mkubwa Nakivale ni kwamba kila mtu, tangu askari mpaka mwenyeji wa Isingiro mwenye shamba karibu nasi, anaamini kwamba hatuna silaha. Imani hiyo ikivunjika hatuwezi kuinunua tena kwa 20,000 za kila kaya.

Najua hoja iliyobaki, na ndiyo nzito kuliko zote. Ni Masaka. Kati ya Julai na Septemba 2021, katika wilaya za Masaka na Lwengo, kwenye njia hiyo hiyo tunayopita kwenda Kampala, watu zaidi ya 20 waliuawa usiku kwa mapanga. Wengi wao walikuwa wazee. Je, nao wangeambiwa wategemee filimbi?

Nawajibu kwa kuwatazama wazee wale walikuwa nani. Wengi walikuwa watu wa umri mkubwa, usiku, nyumbani kwao, baadhi yao wakiishi peke yao. Bibi wa miaka 70 aliyelala, mkipewa uchaguzi, mngempa Kalashnikov, au mngempa mjukuu wa kulala naye, mlango wenye komeo la chuma na jirani aliyeapa kutoka akisikia sauti? Kilichowaponza ni upweke, na bunduki haimpunguzii mtu upweke.

Kwa hiyo hili ndilo ninalolitaka, na si la ndoto. Fedha zilizokusanywa bado ziko kwa mweka hazina. Zitoshe kwanza kumnunulia mjane mlango wa maana na komeo la ndani, kisha kwa nyumba nyingine ambazo bado zinafungwa kwa waya. Zinunue filimbi, moja kwa kila kaya. Filimbi ikiibwa haimuui mtu. Zinunue taa za jua za kuning'iniza kwenye njia panda, kwa kuwa mwizi hapendi kuonekana uso. Ulinzi wa zamu uwepo, watu wanne wanne, majina yaandikwe, mwenyekiti ajue na polisi wajue, ili asiwepo anayetembea usiku kwa jina la ulinzi bila kujulikana.

Tena tumwondolee mwizi sababu. Waliingia kwa mjane kwa kuwa walijua fedha ziko ndani. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vina sanduku lenye kufuli tatu, na funguo tatu zinakaa kwa watu watatu tofauti, kwa hiyo hata ukimteka mmoja hupati kitu. Hakuna aliyewafundisha akina mama wale habari za usalama. Waliupata kwa kugawana. Fedha nyingine zikae kwenye simu kwa namba ya siri. Na kama wezi wakija na bunduki, wapewe wanachotaka. Fedha hupatikana tena.

Rafiki yangu wa Mbarara, nawe nakujibu, kwa sababu wewe ungeweza kupata cheti na mimi siwezi. Baba yako alikabili watu watano. Angempiga mmoja, wanne wangerudi siku nyingine wakiwa wamejiandaa kwa bunduki, na wangejua wanakuja kuchukua nini zaidi ya ng'ombe. Lakini lori lile lilihitaji barabara. Ng'ombe hawasafirishwi kihalali bila kibali cha daktari wa mifugo. Ng'ombe wenye alama, simu tatu kwa majirani walioko njiani na moja kwa polisi, na lori lingesimamishwa kabla ya kufika mbali. Fimbo haikuwa kosa la baba yako. Kosa ni kwamba alisimama nayo peke yake.

Nimalizie na jambo linalotuhusu sisi tunaosoma lugha hii. Nilipopanga chumba Mbarara, mama mwenye nyumba alinisikia nikisema Kiswahili kwenye simu akaniuliza kama nataka kuwa mwanajeshi. Hakunitania. Kwa watu wa umri wake Kiswahili kilikuwa sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabara, au ya mwizi mlangoni usiku. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi, na ni vizuri, lakini azimio halifuti kumbukumbu ya mama yule. Tutaifuta sisi, au tutaithibitisha. Nakivale jirani wa kushoto anasema Kirundi, wa kulia Kisomali, wa nyuma Kinyabwisha, na wenyeji wetu Kinyankole. Usiku ule mjane alipiga kelele kwa lugha ya mama yake, na baadhi yetu hatukujua kama anaita au anagombana. Tukubaliane neno moja la Kiswahili ambalo kila mtu, akilisikia, atatoka. Nimeshapendekeza kwa mwenyekiti, naye amesema tulilete kwenye kikao cha Jumamosi.

Jumamosi hiyo nitapanda taksi asubuhi. Shilingi zangu 20,000 nimeziweka kando, za komeo. Mwenye kutaka bunduki bado ana nafasi ya kusema, ila kwanza amjibu baba yangu.